Sifa na Radhi Katika Kuagana

Kuondoka ni sehemu ya kila kazi kama magharibi ilivyo sehemu ya kila siku. Mtumishi aliyeingia kwa barua ya kuajiriwa hutoka kwa barua ya uhamisho, au ya kustaafu, au ya kujiuzulu. Na kati ya barua hizo mbili fungu kubwa la maisha yake limekwisha kupita. Katika ofisi nyingi kutoka huko hakuna kishindo. Meza hupanguswa, funguo hukabidhiwa, mikono hupeanwa, na kesho yake mtu mwingine hukalia kiti kile kile. Katika shule ya bweni mambo ni mbali. Hapo wanafunzi hukusanywa ukumbini, meza ya mbele hutandikwa kitambaa, mgeni wa heshima hualikwa, kwaya huimba, zawadi hutolewa, na mwanafunzi mmoja, aghalabu kiranja mkuu, husimama kusoma risala. Risala hiyo ndiyo shina la mazungumzo haya. Swali lenyewe ni hili: anayeondoka ana haki gani juu ya ulimi wa wale anaowaacha, na wale wanaobaki wana haki gani juu yake?

Yamkini mtu atasema kuwa jambo hili ni dogo, na kuwa maneno ya alasiri moja hayana uzito wa kutiwa katika mizani ya maadili. Lakini shule ya bweni si mahali pa kujifunza hesabu na sarufi tu. Shule za namna hii zilipoenea Afrika ya Mashariki, mathalani King's College Budo ya Uganda mwaka 1906, shule ya serikali ya Tabora katika miaka ya 1920, na Alliance High School ya Kikuyu mwaka 1926, zilimtoa mtoto katika nyumba ya wazazi wake zikamweka mikononi mwa watu asiowajua. Mwalimu wa shule hizo hakuwa mwalimu wa darasani peke yake. Alikuwa hakimu wa ugomvi, mwuguzi wa homa, mshauri wa mashaka, na pengine mleta habari za msiba kutoka nyumbani. Mpishi alishika mahali pa mama mbele ya jiko. Mlinzi wa usiku alisikia vilio vya watoto wageni ambavyo wazazi wao hawakuvisikia. Watu walioishi hivyo hawawezi kuachana kama abiria wanaoshuka katika gari moshi. Kila mmoja ana deni kwa mwenziwe, na siku ya kuagana ndiyo siku ya hesabu.

Ajabu ni kwamba hesabu hiyo hufanywa kwa upande mmoja, tena kwa tarakimu za kubuni. Mtu akizisikiliza risala kumi za kuaga katika shule kumi ataona kama zimekatwa katika jora moja. Anayeondoka alikuwa baba wa wote, mchapa kazi, mpole, mcheshi, asiyechoka, asiyependelea. Pengo lake halitazibika. Shule haitamsahau. Afya njema na umri mrefu huombwa, kisha makofi hupigwa. Sifa hizo ni kanzu ya kuazima iliyoshonwa pana ili imwenee kila mtu: mnene huivaa na mwembamba huivaa, wala haimkai vema hata mmoja wao. Mwalimu aliyekesha kando ya mtoto mgonjwa huambiwa maneno yale yale aliyoambiwa mwalimu ambaye hakujua hata majina ya wanafunzi wake. Hapo yule wa kwanza amedhulumiwa, na aliyemdhulumu ni yule yule anayemsifu; maana sifa wanayopewa wote haimwambii yeyote kwamba kazi yake ilionekana.

Wako wanaoitetea desturi hii, na hoja yao si dhaifu. Wasema kuwa maneno ya kuagana ni adabu, si ushahidi wa mahakamani. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, alishika mwaka 1797 kwamba uongo haufai hata kwa mwuaji anayeuliza mahali alipojificha mtu anayetafutwa. Walakini Kant huyo huyo, katika kitabu chake cha mwaka 1798 juu ya tabia za binadamu, alizihesabu heshima na maneno ya adabu kuwa ni kama sarafu ndogo ndogo. Kwa rai yake hazimdanganyi mtu, kwa kuwa kila mmoja ajua thamani yao. Tena ni heri watu wawe na sarafu hizo kuliko kukosa kitu, kwani anayejizoeza sura ya wema aweza mwishowe kuwa mwema kwa kweli. Ikiwa mtu mkali hivyo juu ya uongo aliweza kuziachia sarafu ndogo zipite, nani atamkataza kijana wa shule kuzitumia kwa alasiri moja?

Hoja hiyo hufaa sokoni, ambako mnunuzi na mwuzaji wote wanajua bei. Ukumbi wa shule si soko la namna hiyo. Wengi wa wasikilizaji ni watoto ambao wazee wao wamewapeleka pale wajifunze, pamoja na mambo mengine, uzito wa maneno. Mtoto aliyemwona mwalimu akichelewa darasani mwaka mzima, kisha akasikia mbele ya mgeni wa heshima kuwa mwalimu huyo alikuwa kielelezo cha bidii, ana njia mbili mbele yake. Aweza kuidhani shaba kuwa dhahabu, au aweza kusadiki kuwa hakuna dhahabu duniani na kwamba yote ni shaba. Njia ya kwanza itamfanya mjinga. Njia ya pili itamfanya mwenye dharau, na dharau hiyo ni mbaya kuliko ujinga, maana mjinga aweza kufundishwa, bali aliyekwisha amini kuwa maneno hayana thamani atafundishwa kwa kitu gani? Hivyo risala ya uongo huharibu chombo ambacho shule yenyewe huishi kwacho.

Mfano utalidhihirisha jambo hili. Na ichukuliwe shule moja isiyo na jina, mwisho wa mwaka, mitihani imekwisha na masanduku yamefungwa kamba. Watu wawili wanaondoka. Wa kwanza ni mwalimu wa nidhamu aliyekaa hapo miaka 12. Wa pili ni mpishi aliyekaa miaka 27. Kiranja mkuu ameagizwa kuandika risala ya mwalimu. Juu ya mpishi hakuagizwa kitu. Kijana huyu alipokuwa kidato cha pili alichapwa fimbo mbele ya shule nzima kwa wizi wa fedha ambazo hakuziiba. Mwizi alijulikana baada ya majuma mawili akafukuzwa, lakini mwalimu hakumrudia yule aliyechapwa hata kwa neno moja. Sasa kalamu imo mkononi mwa aliyechapwa, na karatasi iko mbele yake nyeupe kama siku ilipotoka dukani.

Njia ya kwanza aliyo nayo ni kunakili risala ya mwaka jana na kubadili jina. Ni njia rahisi, wala hakuna atakayemlaumu. Lakini akiifuata atasimama mahali pale pale alipoaibishwa, na kwa kinywa chake mwenyewe atatangaza kuwa aliyemwaibisha alikuwa mwenye haki. Huko ni kuchapwa mara ya pili, na safari hii mwenye fimbo ni yeye mwenyewe. Njia ya pili ni kulipa kisasi: kuyasema yote mbele ya mgeni, mke wa mwalimu na watoto wake. Kisasi hicho kina utamu wa dakika moja. Walakini mwalimu hatakuwa na nafasi ya kujitetea, wageni hawatakuwa na njia ya kupima, na mkutano wa kuagana utageuka baraza la hukumu lisilo na hakimu. Njia ya tatu ni kukataa kuandika. Hiyo ina heshima yake, lakini humwachia mwingine kalamu, na huyo mwingine atanakili ya mwaka jana.

Iko njia ya nne, nayo ni ngumu kuliko zote, kwa kuwa inamtaka mtu akumbuke kwa haki hata pale alipotendwa pasipo haki. Kijana anajilazimisha kutafuta yaliyo kweli. Anakumbuka mwaka wa surua, mwalimu yule alipohamishia kitanda chake katika chumba cha wagonjwa na kulala humo hadi mtoto wa mwisho alipopona. Anakumbuka kuwa mwenzao mmoja aliyekosa ada alipewa kazi ya kumwagilia miche katika bustani ya mwalimu, na ujira wake ulizidi jasho lake mara kadhaa. Anakumbuka kuwa hapana mwanafunzi aliyeshindwa hesabu akaachwa bila kuitwa jioni kufundishwa tena. Anayaandika mambo hayo matatu kwa maneno machache, haandiki kuwa mwalimu alikuwa mpole, wala kuwa alikuwa mwenye haki. Risala yake ni fupi kupita zote zilizopata kusomwa katika ukumbi ule, na kila neno lake laweza kuapiwa.

Pengine mtu atauliza kama kunyamazia ile fimbo si uongo. Jibu ni kwamba kunyamaza na kudanganya si ndugu wa tumbo moja. Hakuna mtu aliye na wajibu wa kusema kila kweli katika kila mkutano; ana wajibu wa kutosema lililo kinyume cha kweli, na wa kutoyapanga maneno yake hivi kwamba msikilizaji atoke amesadiki uongo. Risala ya kijana imetimiza masharti hayo mawili. Lakini kunyamaza nako kuna mpaka. Liko kosa ambalo si la jana tu, bali lina miguu ya kwenda kesho. Mtumishi aliyezoea kuwadhuru watoto, akiagwa kwa nyimbo na kupelekwa shule nyingine, huichukua risala yake kama hati ya kusafiria, na watoto wa huko humpokea kwa dhamana ya wale waliomsifu. Hapo mwenye kunyamaza ameshiriki, na mwenye kusifu ameshiriki zaidi. Jambo la namna hiyo si la kiranja, na si la kungoja siku ya kuagana. Ni la wakubwa, tena mapema, mahali panapostahili. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini mtoto asitakiwe kuwa msema kweli wa pekee katika nyumba ya watu wazima walionyamaza.

Methali ya Waswahili yasema kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa methali hiyo watu wengi wamejinyima kushukuru, wakihofu kuwa sifa itaharibu kazi. Hofu hiyo ina mahali pake maadam mgema angali juu ya mnazi. Anayeondoka amekwisha kushuka. Kitara chake kimefutwa na kibuyu chake kimekabidhiwa. Kwa hiyo siku ya kuagana ndiyo siku ambayo sifa haiwezi tena kuharibu kazi, na ndiyo maana yafaa itolewe kwa mkono mkunjufu. Lakini hatari haikuondoka, imehama tu. Siku hiyo mwenye kutia tembo maji si mgema, ni yule anayemsifu, na kila tone analoliongeza hupunguza ladha ya lile lililokuwamo.

Ugumu wa kupima sifa ulijulikana zamani. Pericles, kiongozi wa Athens, aliwasifu hadharani askari waliokufa katika mwaka wa kwanza wa vita vya Peloponnesos, vilivyoanza mwaka 431 kabla ya Kristo. Kwa jinsi mwanahistoria Thucydides alivyoisimulia hotuba ile, Pericles alianza kwa kueleza taabu ya msemaji: msikilizaji aliyewajua na kuwapenda marehemu ataona maneno ni machache, na asiyewajua ataona yamezidi, hasa akisikia jambo linalopita uwezo wake mwenyewe. Mbele ya hadhara ya shule taabu hiyo huwa mara tatu, kwa kuwa wako waliompenda anayeondoka, wako waliomwogopa, na wako waliofika jana wasiomjua. Kipo kitu kimoja tu kinachoweza kuwatosha wote watatu, nacho ni tendo lililotajwa kama lilivyotendeka. Aliyempenda atalikumbuka, aliyemwogopa hawezi kulikanusha, na mgeni aweza kulielewa. Neno "mkarimu" laweza kubishaniwa hadi usiku. Usiku wa surua hauwezi kubishaniwa na waliokuwako.

Afrika ya Mashariki ina mfano mashuhuri wa mwalimu ambaye sifa zake hazikupata kuwa nyepesi. Edward Carey Francis, Mwingereza aliyekuwa mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alifika Maseno mwaka 1928 akawa mkuu wa shule huko, kisha akawa mkuu wa Alliance High School tangu mwaka 1940 hadi mwaka 1962. Wengi wa watu waliokuja kushika uongozi wa Kenya walipita mikononi mwake. Alikuwa mtu wa sheria kali na wa kujinyima. Alifanya kazi chini ya bendera ya wakoloni, na miaka ya hatari iliyoanza mwaka 1952 ilimkuta katika kiti chake. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia Alliance mwaka 1955, ndugu yake akiwa msituni pamoja na wapiganaji wa Mau Mau. Na aliporudi likizoni mara ya kwanza aliwakuta watu wa kijiji chake wamehamishwa na nyumba zimebomolewa. Mwanafunzi wa namna hiyo angeweza kumchora mkuu wake kwa makaa matupu. Walakini katika kitabu cha kumbukumbu zake alichokitoa mwaka 2012 alimwonyesha kuwa mtu mwenye pande mbili: mtumishi wa imani na elimu, na mtu wa himaya iliyokuwa ikiwaumiza jamaa za wanafunzi wake.

Hiyo ndiyo heshima ambayo risala za desturi haziwezi kuitoa. Kumwona mtu mzima, pamoja na nuru yake na kivuli chake, ni kumheshimu kuliko kumkata nusu na kuipamba nusu moja. Tena Carey Francis mwenyewe alitoa namna yake ya kuaga ambayo haikuhitaji msemaji. Alipokwisha kuacha ukuu wa Alliance hakurudi kwao kupumzika. Alikwenda kufundisha katika shule ya Pumwani, mtaa wa watu wa kawaida mjini Nairobi, naye akafa mwaka 1966. Mtu aliyeshuka kitini akarudi ubaoni ametoa ushahidi juu ya kitu alichokipenda, na ushahidi huo wakosoaji wake nao wanaweza kuuhesabu bila kuyafuta mashitaka yao.

Sasa yafaa kurudi kwa yule mpishi wa mfano, aliyeachwa jikoni wakati wengine wakipanga viti. Miaka 27 aliamka kabla ya kengele. Uji wa kila asubuhi ulitoka mikononi mwake, na mwalimu aliyesifiwa kwa kufundisha vema alifundisha watoto waliokwisha shibishwa na mtu asiyesifiwa. Wakubwa wa shule hawakumsahau kwa ubaya; walimsahau kwa mazoea. Wakiulizwa watajibu kuwa alilipwa mshahara wake. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa mwalimu naye alilipwa, tena zaidi, wala mshahara wake haukuhesabiwa kuwa umemaliza deni. Mshahara hulipia saa za mtu. Hauwezi kulipia lile ambalo mtu aliliongeza juu ya saa zake: kijiko cha ziada kwa mtoto aliyetoka kuugua, moto ulioachwa ukiwaka kwa ajili ya wale waliochelewa kurudi mchezoni. Hilo hulipwa kwa shukrani au halilipwi kabisa.

Hapo sifa za kuagana huingia katika mlango wa haki. Shule ambayo humwaga mwalimu kwa kwaya na kumwacha mpishi atoke kwa mlango wa nyuma imetoa somo ambalo halimo katika ratiba. Imewafundisha wanafunzi kuwa kazi hupimwa kwa cheo cha mtendaji, si kwa haja ya mtendewa. Baadhi ya wanafunzi hao wana baba aliye mpishi au mama aliye mfagizi, nao husikiliza kimya. Somo hilo watalichukua hadi watakapokaa katika viti vya ofisi, na siku moja wao nao watapita mbele ya mzee mlinda mlango bila kumwamkia. Si lazima kila mtu aagwe kwa sherehe iliyo sawa. Lakini ni lazima pasiwe na mtu aliyefanya kazi miaka mingi akatoka bila jina lake kutajwa na watu aliowatumikia.

Lakini hata sifa zikiwa za kweli na zikiwafikia wote, bado ni nusu ya jambo. Kiswahili chenyewe kimelifundisha hilo, ingawa shule zimelisahau. Kuaga ni tendo la mtu mmoja; kuagana ni tendo la watu wawili. Katika desturi ya pwani, mtu aendaye safari ndefu, au ahisiye kuwa mauti yamemkaribia, hakukaa kitini kungoja kusifiwa. Alipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Watu walitakana buriani, na neno hilo buriani lina ndani yake maana ya kuachiliana yaliyopita, pasibaki deni moyoni mwa yeyote. Tena hakuulizwa kosa gani. Aliyeishi na watu hakosi la kuombea radhi. Sherehe ya shule imechukua sifa ikaiacha radhi. Imempa anayeondoka nafasi ya kusikia wema wake, ikamnyima nafasi ya kuutua mzigo wake.

Hasara ya kuikosa radhi ni kubwa kwa pande zote mbili. Mwalimu wa mfano huenda akawa hakuisahau ile fimbo. Yamkini alipojua kuwa mwizi ni mwingine aliona haya, akajiambia kuwa kukiri mbele ya watoto kungevunja nidhamu, akangoja wakati unaofaa, na wakati haukufika. Watu wengi waliokosa hukosa kwa namna hiyo. Si kwamba hawakujua, bali hawakupata mlango. Siku ya kuagana ni mlango. Nidhamu aliyoilinda haimhusu tena, kiburi cha cheo kimekabidhiwa pamoja na funguo, na aliyemkosea amesimama mbele yake na karatasi mkononi. Akisimama kujibu risala anaweza kusema asanteni akaketi. Anaweza pia kumwita yule kijana, hadharani kama alivyomwaibisha hadharani, akasema, "Mwanangu, siku ile nilikudhulumu, niwie radhi." Maneno hayo ni machache kuliko shukrani za desturi, lakini hakuna zawadi itakayowekwa mezani alasiri ile yenye thamani kama hayo.

Kuna watakaosema kuwa mkubwa akiomba radhi kwa mdogo heshima hushuka. Mambo ni kinyume. Heshima ambayo haiwezi kuomba radhi imesimama juu ya mguu mmoja, na watoto huijua. Watoto 300 waliomwona mwalimu akikiri kosa watajifunza kwa dakika ile kuwa kweli ina nguvu kuliko cheo, jambo ambalo hotuba 300 haziwezi kuwafundisha. Wala kijana halazimishwi kusamehe papo hapo ili sherehe ipendeze. Radhi huombwa, haidaiwi. Akiweza kuitoa, ameitoa kama mtu huru. Asipoweza, angalau ameyasikia maneno aliyoyangoja, na mbele yake iko miaka ya kuyatafakari.

Miaka hiyo ya baadaye ina sehemu yake, kwa kuwa si deni lote linaloweza kuhesabiwa siku ya kuondoka. Mwanafunzi hajui bado alichopewa. Albert Camus alikuwa mtoto wa nyumba ya kimaskini mjini Algiers, na baba yake alikufa vitani angali mchanga. Mwalimu wake wa shule ya msingi, Louis Germain, ndiye aliyemtayarisha kwa mtihani uliomfungulia elimu ya juu. Camus aliiacha shule ile mwaka 1924. Mwaka 1957, alipopewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, aliandika barua kumwambia Germain kuwa, baada ya mama yake, wazo lake la kwanza lilimwendea yeye. Ilikuwa imepita miaka 33. Shukrani hiyo haikuwa na kwaya wala mgeni wa heshima, tena ilimfika mwalimu angali hai. Deni la namna hiyo halina siku ya mwisho ya kulipwa, ila moja tu, nayo haipo katika kalenda ya mdeni.

Wakati mwingine shukrani ya watu huwa fupi hata kuwa neno moja. Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa bweni Tabora, alikuwa akifundisha katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa. Akaiacha kazi ya shule mwaka 1955. Tangu hapo alikuwa waziri mkuu na rais, akang'atuka mwaka 1985, akafa mwaka 1999. Vyeo vyote vile vilimpita kama mavazi ya msimu, lakini watu waliendelea kumwita Mwalimu. Kazi aliyoiacha ndiyo iliyobaki kuwa jina lake.

Basi risala ya kuaga ina masharti ambayo si mazito kwa mtu anayetaka kuyatimiza. Itaje matendo, isirundike vyeo vya sifa. Isiseme ambalo msemaji hawezi kuliapia. Imfikie mpishi kama inavyomfikia mkuu wa shule. Na iache nafasi ya radhi, upande wa anayeondoka na upande wa wanaobaki, kwa maana nao wamekosa: wamesengenya, wamekaidi, wameiga mwendo wa mzee wakicheka nyuma ya bweni. Yule kijana wa mfano, akiisha kusoma mambo yake matatu, ana haki ya kugeuka kuelekea mlango wa jikoni na kuomba mpishi aitwe, ingawa hakuagizwa. Mpishi atakuja akijifuta mikono, asijue aliitiwa nini. Ataambiwa kuwa kuna watu wazima leo, mahakimu, waganga na wakulima, waliokua kwa uji wake, na kuwa kuna asubuhi walizoulalamikia uji huo nao wanaomba radhi. Hapo ukumbi wote utakuwa umeagana, na mtu aendaye atakwenda akijua kwamba alionekana.